Moto ukizimika, pepo wake anakula nini?

Tangu kaskazi iliyopita, kuna vijana mjini Lamu ambao hukutana baada ya sala ya Isha kwenye baraza moja ya Mkomani, wakatandika mkeka, wakatoa dadu zenye nyuso 10 na kucheza mpaka usiku mkubwa. Mchezo wenyewe ni wa kuvaa uhusika. Hauna ubao wala kete: mmoja ni Msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na mambo yakiwa magumu dadu huamua. Unaitwa Werewolf: The Forsaken, wahusika wake ni watu wanaogeuka mbwamwitu, ulitolewa Marekani mwaka 2005 na kampuni ya White Wolf, na vijana wetu wanatumia kanuni za toleo la pili la mwaka 2015, wakizitafsiri papo kwa papo. Wiki chache zilizopita ubishi mmoja ulianzia pale mkekani, ukaingia kwenye makundi ya simu, ukapokewa na watu ambao dadu hizo hawajawahi kuzishika. Leo unausikia mpaka Langoni kwa sura mbili. Wako wanaosema kwamba pepo wa moto, wa upepo na wa maji katika mchezo huu ni kazi bure, kwa kuwa kitu chao kikiisha nao wamekwisha. Na wako wanaosema kwamba hawaishi, kwa sababu wachezaji ndio wanaowalisha, na kwa hiyo mchezo ni kafara iliyovishwa nguo za kizungu.

Kauli zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja. Zinachukulia kwamba pepo anaishi kwa umri wa kitu chake. Nimezisoma kanuni hizo kwa makini na nimekaa mara nyingi kwenye mkeka ule, na ninachokiona ni kingine: pepo wa kitu cha mpito huishi kwa kurudi kwa kitu hicho. Katikati, baina ya kuondoka na kurudi, huvuka kwa akiba ndogo, kwa usingizi, na kwa kumnyang'anya jirani yake. Mtu akilielewa hili, mchezo mzima humbadilikia mikononi.

Kwanza kanuni zenyewe, kwa sababu wengi wanaobishana hawakuzipata kwa mpangilio. Sheria za pepo hazihusu watu-mbwamwitu peke yao. Ni za mfumo mpana zaidi, Chronicles of Darkness. Katika ulimwengu huo, upande wa pili wa dunia hii kuna kinachoitwa Kivuli, na baina ya pande hizo mbili kuna ukuta. Kila kilichopo huku kina sura yake kule: jiwe, mbwa, nyumba, mvua, hata hasira. Sura nyingi zimelala tu. Ikipatikana nguvu ya kutosha ndipo moja huamka ikawa pepo mwenye haja zake. Nguvu hiyo vijana wanaiita esensi, nami nitaliacha neno hilo lilivyo, maana tukisema "roho" au "kiini" tutaingiza maana ambazo kitabu hakikuzikusudia. Pepo wa daraja la 1, ambao ndio wadogo kabisa, hawawezi kubeba zaidi ya pointi 10 za esensi. Wa daraja la 2 hubeba 15, la 3 hubeba 20, la 4 hubeba 25. Kila siku inayopita, pepo hulipa pointi 1 ili abaki macho. Akiwa karibu na kitu kinachofanana na asili yake, hupata pointi 1 kwa siku. Akivuka ukuta akaja upande wetu bila kitu kilichomfungulia mlango, anavuja pointi 1 kila saa. Na akifikia sifuri, analala. Kitabu kinasema analala, hakisemi anakufa.

Neno hilo "analala" ndilo lililoruka kwenye ubishi. Usiku ulioanzisha haya yote, Msimulizi alikuwa ameleta pepo wa tanuri la chokaa, daraja la 1, na kijana mmoja alikuwa amefanya naye maagano kwa taabu ya wiki mbili. Tanuri likazimika. Kijana akauliza, "Sasa pepo wangu anakula nini?" Msimulizi akajibu mara moja, "Hali kitu. Amekufa." Kijana akaikunja karatasi aliyoandikia maagano yake, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Nilikuwapo, na nilijua kwamba hukumu ile si sahihi, lakini sikutaka kumvunjia Msimulizi heshima mbele ya wenziwe. Ninajuta kunyamaza, maana kilichofuata kimekuwa kikubwa kuliko mkeka.

Kwa mujibu wa kanuni, pepo kufa kabisa kunahitaji mambo mawili yatimie pamoja: umbo lake livunjwe lote, na esensi yake iwe imekwisha. Likivunjwa umbo hali amebakiwa na hata pointi moja, hujiunda upya mahali pa salama akiwa usingizini. Ikiisha esensi hali umbo ni zima, hulala tu. Moto kuzimika kumemwondolea yule pepo wa tanuri mapato, na hapo ndipo basi. Kama alikuwa amejaa pointi 10 siku tanuri lilipozimika, basi ana siku 10 za kutembea macho akitafuta moto mwingine, na baada ya hapo ana usingizi ambao kitabu hakikuuwekea mwisho. Tofauti ya hapo na kifo ni kubwa.

Nadhani Msimulizi wetu alikosea kwa sababu aliuangalia moto wa tanuri kama mtu anayeuangalia kwa mbali. Aliyekaa nao hauoni hivyo. Mji huu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa moto. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa ni matumbawe yaleyale yaliyochomwa. Magogo hupangwa kwa duara, mawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa. Ukifika pale siku moja baada ya ndimi za moto kuisha, rundo ni jeupe na kimya, moshi hakuna, na mtoto anaweza kudhani ni mchanga wa pwani. Lakini utandaze kiganja juu yake bila kugusa, utarudisha mkono. Na hata likipoa kabisa, jiwe lililoiva halijarudi kuwa jiwe la mwanzo. Limwagie maji: linatoa sauti kama mafuta ya kukaangia, linapasuka, linafuka mvuke, na joto linapanda tena mpaka maji yanachemka. Kuni zimekwisha kuwa majivu, na bado joto lile limo. Mchoma chokaa yeyote anayajua haya, na mwenye kuyajua haoni tabu kuelewa usingizi wa pepo.

Hoja ya upande wa kwanza nisiidharau hata hivyo, maana wenye kuisema kwa uangalifu wana jambo. Wanasema hivi: sawa, hafi, lakini usingizi usio na mwisho una tofauti gani na kifo kwa mchezaji aliye mezani leo? Tena mapato ni pointi 1 kwa siku, na vitu vingi vya asili havidumu hata siku. Radi ni kufumba na kufumbua. Chamchela huzuka kwenye kiwanja cha mchanga, huinua vumbi na makaratasi, huzunguka dakika chache, huanguka. Kidimbwi kinachobaki kwenye mwamba maji yakitoka kinaishi saa kadhaa tu kabla ya maji kujaa tena. Pepo wa vitu kama hivyo, kwa hesabu ya siku, hangepata hata pointi moja nzima kabla kitu chake hakijatoweka. Kwa hiyo, wanasema, kanuni ziliandikwa kwa ajili ya pepo wa mlima na wa msitu, na hawa wengine wameachwa wafe njaa kwa uzembe wa mwandishi.

Hesabu yao ni sahihi kwa kitu kimoja kimoja. Inapoteleza ni pale inapomfunga pepo kwa tukio moja. Kanuni zinasema pepo hupata esensi akiwa karibu na kitu kinacholingana na asili yake. Hazisemi lazima kiwe kilekile kilichomzaa. Pepo aliyeamshwa na moto wa tanuri ana asili ya moto. Jiko la mkaa la mama muuza viazi karai, moto wa kuchomea mishikaki pale pwani, taa za mafuta, majani makavu yanayochomwa ng'ambo ya Manda, vyote vina harufu ya chakula chake. Hapa ninatoa tafsiri yangu, na Msimulizi mwingine ana haki ya kubana zaidi akasema pepo mdogo ana asili nyembamba, kwamba huyu ni wa moto wa tanuri na hali moto wa jikoni. Hata ukibana hivyo, matanuri si moja, na lililozimika leo litawashwa tena watu wakitaka kupaka nyumba chokaa.

Turudi kwenye kidimbwi, maana ndicho kinachonishawishi zaidi. Maji ya bahari yetu hujaa na kutoka kwa mzunguko wa karibu saa 12 na dakika 25. Kidimbwi cha mwambani kinakufa kila maji yakijaa, na kinazaliwa kila maji yakitoka, mahali palepale, na ngadu walewale wakiwa ndani yake. Wakati wa bamvua vinafunuka vidimbwi ambavyo wakati wa maji mafu huwezi kuviona kabisa. Sasa niambie pepo wa kidimbwi kama hicho ni wa mpito kwa maana gani? Kitu chake kinakatika, ila hakiachi kurudi. Hulala na kuamka kwa saa ya mwezi, kama mvuvi anayeitazama bahari ndipo ajue atoke saa ngapi. Pepo wa kusi naye analala miezi kaskazi inapovuma, na katikati, wakati wa maleleji, upepo usiokuwa na upande maalumu, nadhani wote wawili wana njaa. Pale Malindi, mvua zikinyesha bara, Sabaki huleta maji mekundu ya udongo mpaka bahari ya ghubani ikabadilika rangi. Kisha mto unatulia na bahari inarudi. Pepo wa maji yale mekundu hana makazi ya kudumu, lakini ana msimu. Sisi wa pwani, ambao tangu zamani tumehesabu mwaka kwa upepo wa kusi na wa kaskazi, tungekuwa wa kwanza kuliona hili. Ninashangaa kwamba hatukuliona.

Niseme pia kwamba dhana ya viumbe wa asili wenye kufa ni ya kale kuliko mchezo. Paracelsus, tabibu wa Kiswisi aliyefariki mwaka 1541, aliandika kuhusu viumbe wa maji, wa hewa, wa ardhi na wa moto, kwamba wanakula, wanazaa na wanakufa kama sisi, ila hawana roho ya kubaki baada ya kifo. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1566, na karibu michezo yote ya kizungu yenye viumbe wa asili inakunywa kutoka kisima hicho. Mchezo huu umebadilisha jambo moja kubwa. Viumbe wa Paracelsus walikuwa jamii zenye makao na familia. Hawa wa mchezo ni vivuli vya vitu, na haja yao haitoki katika tumbo lao bali katika kile wanachokiwakilisha.

Hapo ndipo pa kufanya hesabu ambayo upande wa kwanza umeifanya nusu. Mapato ni pointi 1 kwa siku. Matumizi ya kubaki macho ni pointi 1 kwa siku. Pepo mdogo aliyekaa kando ya chakula chake mwaka mzima, bila kufanya lolote, hatajiwekea hata pointi moja. Ni kibarua anayelipwa jioni kiasi kilekile alichokopa asubuhi. Akitaka kufanya chochote, lazima atumie akiba, na kila kazi ina bei. Ngazi ya kwanza ya uwezo wake, ya kukitia nguvu kitu cha asili yake, hugharimu pointi 1. Ya pili, ya kukigeuza kidogo, pointi 2. Ya tatu, ya kukitawala, 3. Ya nne, ya kukiumba pasipokuwapo, 4. Pepo wa moto wa daraja la chini kwa kawaida hawezi kuumba moto. Anaweza kuutia nguvu uliopo. Kwa maneno mengine anaweza kuchelewesha kuzimika, kwa kutumia kilekile kinachomweka macho, na akitaka kazi yake idumu zaidi bei hupanda. Huku ndiko kuishi kwake: kila siku anachagua baina ya kujilisha yeye na kulisha chakula chake.

Kwa kuwa hesabu haijai, kanuni zimempa njia nyingine, nayo ni kunyang'anya. Pepo anaweza kumshika pepo mwenziwe na kumtoa esensi. Mshambuliaji hurusha dadu kwa nguvu na wepesi wake, anayeshambuliwa hurusha kwa nguvu na ukinzani wake, na akishinda wa kwanza huondoka na alichokipata. Hili linaeleza jambo ambalo wachezaji wapya hulalamikia, kwamba kwa nini Kivuli ni mahali pa ukatili hivyo, kwa nini kila pepo anamla mwenziwe. Hakuna uovu wa kuzaliwa nao hapo. Ni hesabu ya moja kutoa moja. Mlima hauna haja ya kuiba. Pepo wake ana kitu cha kumkalisha milele. Pepo wa mpito ndiye mwizi, kwa sababu msimu wake unaweza kuchelewa. Na akizidiwa akala asiyekuwa wa jinsi yake, moto ukamla pepo wa hofu, pepo wa hofu akamla pepo wa panya, anakuwa mchanganyiko uliopotoka. Kitabu kina jina la viumbe hao: magath. Wengi wa wale wanaotisha mezani walianza, ukifuata nasaba yao, na njaa ya siku chache. Huku kwetu husemwa mwenye njaa hana miiko. Pepo wa mchezo huu ana njaa na mwiko anao palepale: kila pepo ana jambo ambalo asili yake haimruhusu kulifanya, au inamlazimisha kulifanya, hata kama linamwua. Sidhani kuna jambo la kusikitisha zaidi ndani ya kitabu kizima.

Sasa kauli ya pili, ya kwamba wachezaji ndio wanaowalisha. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na ninailaumu kwa sababu imewatia watu wazima hofu isiyokuwa na msingi na imewaharibia vijana jina. Imetokana na neno. "Pepo" kwetu ni neno lenye historia. Mtu wa pwani akilisikia anafikiri kupungwa: mgonjwa ni kiti, pepo amempanda, fundi anamuuliza ni nani na anataka nini, naye anajibu kwa kinywa cha kiti kwamba anataka nguo ya rangi fulani, pete ya fedha, uvumba, chano chenye vyakula vyake, na ngoma yake si ngoma ya mwingine. Katika mila hiyo pepo hulishwa na watu. Chakula chake ni makubaliano. Asipopewa, kiti huugua. Na aliyepita chuoni anajua pia habari nyingine tofauti, ile hadithi ya kuwa mifupa ni chakula cha majini, ndiyo maana tukakatazwa kustanji kwa mfupa. Hivyo tayari tuna vyakula vya aina mbili vichwani mwetu kabla hatujafungua kitabu cha Wamarekani, na vyote viwili vinapita mikononi mwa mtu: mmoja hupewa chano, mwingine hula kilichobaki baada ya sisi kula.

Pepo wa mchezo hapewi na mtu. Ukimfukizia ubani pepo wa mvua, kwa mujibu wa kanuni hukumpa chakula cha asili yake. Amekula kama mvua imenyesha. Anayelishwa na watu katika mfumo huo ni mwingine kabisa, ni mzimu, kivuli cha mtu aliyekufa. Mzimu hubaki kwa sababu ya nanga zake, vitu na watu aliowapenda au kuwachukia, na hupata esensi watu hai wanapomkumbuka, wanapozuru kaburi lake, wanapomtaja. Waliosambaza kauli ya pili wamechukua kanuni ya mzimu wakaitia kwa pepo, kisha wakaitafsiri kwa mila ya kupunga. Makosa mawili yamepandana, na juu yake kumejengwa tuhuma kwamba watoto wa watu wanatoa kafara barazani.

Ami yangu mmoja, mtu ninayemheshimu kwa elimu yake, aliniuliza jambo zito zaidi: hata kama hakuna ubani, je, si kucheza na mambo ya majini? Nilimjibu kwamba majini katika imani yetu ni viumbe wenye akili na wajibu, walioumbwa kwa mwale wa moto, na Qurani inasema hawakuumbwa wao na watu ila wamwabudu Mola. Kuna majini wema na waovu kwa sababu wana hiari. Pepo wa mchezo hana hiari hiyo. Ni kitu kilichotiwa mdomo: moto unaotaka kuwaka, maji yanayotaka kuteremka. Hasali wala haasi. Akaniuliza kama kuna kiapo, azima au jina lolote linalosomwa wakati wa kucheza. Hakuna. Kuna hesabu za kalamu na dadu. Hakuridhika kwa yote, na wasiwasi wake juu ya vijana kukesha ni wa haki, nami nauunga mkono. Lakini tuliachana tukiwa tumekubaliana kwamba jambo la kuangalia ni saa, na chakula cha pepo hakimo ndani yake.

Nikirudi mezani, kuna mambo yanayofuata kutokana na haya, na ninayasema kwa Msimulizi wetu kwa mapenzi. La kwanza, usimwue pepo wa mpito kwa sentensi moja, mhesabie akiba. Daftari lenye mistari 10 linatosha, ukafuta mmoja kila siku ya mchezo. Wachezaji watakaoiona mistari ikipungua watajua muda walionao kabla rafiki yao hajalala au hajaanza kuwinda. La pili, msimu uingie kwenye kisa. Kitabu cha mwaka 2005 kilipangwa katika nchi ya Denver na Milima ya Rocky, ambako mwaka una theluji. Sisi tuna kusi, kaskazi, bamvua na mvua za masika. Pepo wa Lamu hawana budi kula kwa kalenda ya Lamu. Usiku wa bamvua mwamba wote ukiwa wazi, pepo wa vidimbwi waamke kwa wingi wakiwa na njaa ya wiki nzima, na huo ndio usiku wa mhusika kupita pwani kwa tahadhari.

La tatu ndilo gumu, na ndilo ninalolitaka zaidi. Wahusika wa mchezo huu ni walinzi wa mpaka; kazi yao ni kuzuia pepo wasivuke kuja kututumia. Tumezoea kuwacheza kama wawindaji: pepo wa moto akivuka na kumchochea mtu awashe paa la makuti, anaandamwa, anavunjwa. Lakini tukijua kwamba alivuka kwa sababu tanuri lake limezimwa na hana pointi, mlinzi mwenye akili ana njia ya pili. Anaweza kuwasha moto mahali pasipo na hatari. Paa la makuti halitaungua, na pepo hatakuwa na sababu ya kuvuja pointi moja kila saa upande huu. Kanuni zinaliruhusu hilo kabisa, na meza zetu hazilijaribu kwa kuwa tumeamini kwamba moto ukizimika hadithi imekwisha. Wako watakaosema hapo tumekwisha kuwa walishaji wa pepo, tumerudi kwenye chano. Hapana. Aliyepanda mti hakumpa ndege chakula kwa mkono. Amepaacha mahali pawe pa ndege.

Nimemwomba Msimulizi amrudishe yule kijana mkekani, naye amekubali. Kisa kitaanzia tanurini, wiki kadhaa baadaye. Rundo ni jeupe, mawe yamepoa, pepo amelala sifuri. Mafundi wamekuja na ndoo kutayarisha chokaa ya kupaka ukuta, na ndoo ya kwanza inamwagwa. Mawe yanalia, mvuke unapanda, joto linarudi, na kwa hukumu yangu, ambayo Msimulizi ameipokea, joto hilo ni la asili yake na linamtosha kwa pointi 1. Anafungua macho. Pointi ile anaweza kuilipa ili abaki macho mpaka kesho, hali joto la chokaa litakuwa limekwisha jioni. Au anaweza kuitumia kulitia joto nguvu, alale tena papo hapo, na fundi ashangae kwa nini chokaa ya leo imekataa kupoa. Kijana ana usiku mmoja wa kufikiri atamshauri lipi.